Mtu wa Pili: Nasaha kwa Anayetaka Kuacha Pombe Mjini Kindu

Mtu akaaye Kindu, awe wa Kasuku, wa Mikelenge au wa ng'ambo ya mto kule Alunguli, ambaye pombe imekwisha kumtawala hata ikawa ndiyo inayompangia saa ya kulala na saa ya kuamka, aghalabu huulizwa na jamaa zake swali moja tu, nalo ni kwa nini haachi. Na swali hilo, ijapokuwa huulizwa kwa mapenzi, halimfai kitu, kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kujiuliza mara nyingi kuliko wao, usiku, wakati wao wamelala. Lingemfaa zaidi kuulizwa ataacha pamoja na nani. Nasaha hizi ninaziandika kwa ajili ya swali hilo.

Jawabu lake moja lilipatikana mbali sana na mkoa wetu wa Maniema. Mwezi wa Mei 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, Bill Wilson, mtu wa New York aliyekuwa na miezi mitano hivi hajaonja kileo baada ya miaka mingi ya ulevi ulioharibu kazi yake, alisimama katika ukumbi wa hoteli hali biashara iliyompeleka huko imevunjika. Upande mmoja ilikuwapo baa, na sauti za watu waliokuwa wakifurahi zilimfikia, na upande wa pili ilikuwapo simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Aliiendea simu. Alimpigia mchungaji asiyemjua, na ombi lake lilikuwa la ajabu, maana hakutaka tabibu wala hakutaka kuombewa, bali alitaka apatiwe mlevi wa kuzungumza naye, kwani aliona wazi kwamba asipompata mtu huyo atakunywa tena. Njia ikampitisha kwa Bibi Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na Dk. Robert Smith, mpasuaji wa mji huo aliyekuwa ameshindwa na pombe kwa miaka, ambaye alikubali kwa shingo upande kumpa mgeni dakika 15 tu. Wakakaa saa nyingi. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama ambacho kwa Kifaransa huitwa Alcooliques Anonymes. Na mtu wa tatu, wakili mmoja wa hapo hapo Akron, walimpata kabla mwezi haujaisha, akiwa amelazwa hospitalini.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake imo tadbiri yote ambayo mtu wa Kindu anaihitaji. Smith alikuwa tabibu. Hakuna mtu mjini Akron ambaye angeweza kumfundisha jambo jipya juu ya madhara ya pombe katika ini na mishipa, na mkewe na rafiki zake walikuwa wamekwisha kumwombea na kumsihi. Alichokipata kwa Wilson ni mtu aliyeketi mbele yake akamweleza habari zake mwenyewe, jinsi alivyoficha chupa, jinsi alivyoapa na kuvunja kiapo, jinsi alivyoogopa, bila ya kumhutubia wala kumhukumu. Kaida zilizotungwa baadaye na chama hicho, zikapitishwa rasmi mwaka 1950, zilihifadhi asili hiyo: sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha kunywa, hapana ada, kikao hujitegemea kwa kidogo wanachotoa wenyewe, majina hayatangazwi nje, na walevi wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kukaa bila pombe wanatosha kuitwa kundi.

Wala jambo hili halisimami juu ya masimulizi tu. Mwaka 2020 wataalamu watatu, John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri, walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Na katika zile zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa ilionekana kwamba, baada ya mwaka mmoja, watu kama 42 katika kila 100 walioelekezwa kwenye vikao hivi walikuwa hawanywi kabisa, ilhali waliopewa tiba nyingine za mazungumzo walikuwa kama 35. Msomaji mwenye insafu ataona mara moja kwamba hata katika kundi lililofanya vizuri wengi hawakufikia kipimo hicho, kwa hiyo mtu asije akaahidiwa muujiza. Lakini tiba isiyo na bei, isiyohitaji dawa kusafirishwa kwa ndege wala kwa treni, na inayolingana na tiba za wataalamu au kuzizidi, katika mkoa kama wetu haifai kudharauliwa.

Kabla ya habari ya vikao kuna jambo la hadhari ambalo sina budi kulitanguliza, kwa kuwa huua watu. Anywaye kila siku tangu asubuhi, ambaye mikono humtetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, asiache kwa ghafula akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea kileo kwa miaka, ukinyimwa, huanza kuasi baina ya saa 6 na 24 baada ya kunywa mara ya mwisho: jasho, kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukimbia, katika siku mbili za kwanza huweza kuja kifafa, hata kwa mtu ambaye hakuwa nacho, na baina ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwapo, wakapata homa na kupotewa na fahamu. Hapo kwetu husemwa kwamba amerogwa, naye huchukuliwa kwenye chumba cha maombi akafungiwa humo kwa mfungo, na huko hufa mtu ambaye angepona. Maombi hayakatazwi, lakini yafanyiwe kando ya kitanda cha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kindu, au cha kituo cha afya kilicho karibu, ambako tabibu atampa dawa ya kutuliza kwa kipimo na vitamini B1, na ambako mgonjwa lazima aseme kweli juu ya kiasi anachokunywa, bila ya kukipunguza kwa haya. Vidonge hivyo vya kutuliza asivinunue mwenyewe dukani, maana navyo humfunga mtu. Na aliyekunywa lotoko, ile pombe kali ipikwayo nyumbani, kisha macho yakaingia ukungu asingoje kulala ili yapite. Lotoko iliyopikwa vibaya huweza kuwa na sumu ipofuayo, na msaada wake ni hospitali saa ile ile. Kwa wale ambao ulevi umefuatana na ugonjwa wa akili, mashariki ya nchi wako Mabruda wa Mapendo, wenye vituo vya SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, ijapokuwa safari ya kufika huko kutoka Maniema si nyepesi wala si rahisi mfukoni.

Sasa kikao kipatikane wapi? Nasaha yangu ni kwamba mtu wa Kindu asikae akingoja kuona kibao mlangoni, bali aanze kwa kumtafuta mtu mmoja, na mtu huyo yuko. Yuko kwa sababu hakuna avenue katika mji huu isiyokuwa na baba au mama ambaye watu husema habari zake kwamba zamani alikuwa akiokotwa barabarani na leo hagusi. Wengi wao utawakuta katika madhehebu yanayokataza kileo, kwa Wakimbanguisti, kwa Wamethodisti, kwa Wapentekoste, na misikitini. Wengine ni watu wa reli na wa bandarini waliokwisha kustaafu. Wengine ni wachimbaji waliorudi kutoka Kailo na Kalima baada ya kuona fedha za miezi zikiishia katika nganda, vile vilabu vya pombe, kwa siku mbili. Njia nyingine ni kumwendea muuguzi. Wauguzi hujua ni nani aliyelazwa, akatoka, akaacha. Nao wasiulizwe jina, maana hiyo ni siri ya mgonjwa, ila waombwe wampelekee mtu huyo salamu na kumwuliza kama angekubali kuonana na mwenzake.

Namna ya kumwendea ina adabu zake. Usimwendee jioni, wala ukiwa umekunywa, wala mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mwendee asubuhi, umkute akienda shughulini, umsindikize hatua chache. Usimwambie, "Nisaidie," kwa sababu neno hilo huwafanya watu wengi kudhani wanaombwa fedha, na walio wema miongoni mwao huanza kuhubiri. Mwambie, "Yaya, mimi pombe imenishinda. Nasikia wewe uliacha. Siku zile za kwanza ulifanyaje?" Swali hilo linamfungulia mlango wa kueleza habari zake, na kwa habari zake utamtambua. Akianza kukueleza jinsi alivyokuwa akiamka usiku kutafuta tone lililobaki chini ya bidoni, huyo ndiye, shikamana naye. Akianza kukueleza wewe ulivyo, na ubaya wako, na jinsi familia yako inavyoteseka, mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine. Na usione kwamba unamtwisha mzigo: Wilson alimtafuta Smith kwa faida yake yeye Wilson, na watu walioacha zamani hujua vizuri kwamba kumsimulia mwingine ndiko kunakowazuia kurudi.

Mkiwa wawili, wekeni siku na saa. Hapo kikao kimekwisha kuzaliwa, na kazi iliyobaki ni kukilinda. Saa nzuri ni ile iliyo mbaya, yaani ile ambayo kila mmoja wenu angekuwa njiani kwenda kunywa. Kwa watu wengi wa mji huu ni baina ya saa kumi na moja na saa moja za jioni, soko linapofungwa na fedha za siku zingali mfukoni, na mbaya zaidi ni Jumamosi na siku za malipo. Miezi mitatu ya kwanza mara moja kwa juma haitoshi. Kutaneni jioni tatu au nne, hata ikiwa ni chini ya mwembe kwa nusu saa. Baadaye mkiwa watano au sita, ombeni chumba. Chumba cha shule kinafaa sana, kwa sababu mlango wake huingiwa na watu wa kila namna, lakini msikae kama wanafunzi: geuzeni madeski yatazamane, ijapokuwa ni mafupi na magoti yatagonga, na ubao muupe mgongo, maana mtu akisimama ubaoni hana budi atafundisha, na wengine, wenye umri sawa na wake au kumzidi, hawana budi wataona haya na hawatarudi.

Mwendo wa kikao ni mwepesi. Mmoja, ambaye hubadilishwa kila juma, husema kaida nne: yanayosemwa hapa yabaki hapa, kila mtu aseme habari zake tu, hapana kumjibu wala kumsahihisha mwenzako, na aliyeonja kileo leo hafukuzwi, ila leo asikilize, asiseme. Kisha kila mtu hupewa dakika tano kwa saa ya mkono, na mgeni anaweza kunyamaza tangu mwanzo mpaka mwisho bila ya kuulizwa. Mtu hataji mambo makubwa. Husema kwamba jana alilipwa, akaona njia yake ya kawaida inapita mbele ya mlango fulani, akazunguka kwa njia ya nyuma yenye matope mpaka viatu vikaharibika, akafika nyumbani amekasirika lakini fedha zote zimo. Na wenzake, wanaoijua njia ile na mlango ule, hucheka kicheko ambacho mtu asiyekunywa hawezi kukielewa. Mwisho huulizwa nani ana jambo gumu mbele yake, kilio, arusi, safari ya treni, na nani atafuatana naye. Kisha chai, mikate ya kukaanga, na kila mtu kwake. Asiyekuwa na simu huonyeshwa nyumba ya mwenzake, ili tamaa ikimshika usiku ajue mlango wa kugonga.

Linalowatisha watu kuliko yote ni fedheha, na hapo lazima tuseme kweli. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani mtu huweza kuingia kikaoni na kutoka asijulikane. Katika mji wetu, ambamo mtu hujulikana kwa baba yake, kwa kabila lake, kwa kanisa au msikiti wake, na hata kwa pikipiki anayoiendesha, jina haliwezi kufichwa, na kikao kinachojidanganya kwamba kitalificha kitavunjika. Kinachoweza kufichwa ni maneno. Kwa hiyo chagueni mahali penye shughuli nyingine, kama vile mazoezi ya kwaya au darasa la kusoma na kuandika, ili kuonekana mlangoni kusiwe habari. Mtu wa Alunguli akitaka kuvuka aje upande wa Kasuku, na wa Kasuku akitaka kwenda ng'ambo, waruhusiwe kwa furaha, ila kikao kimalizike mapema, kwani kuvuka Lualaba gizani si jambo la kumtakia mwenzako. Simu zizimwe, picha zisipigwe, na kama mtaunda kundi la WhatsApp, lipeni jina lisilovutia macho, kwa mfano "Mazoezi ya Jumatano," kwa kuwa simu za nyumbani husomwa na watoto. Aliyetoa neno nje aonywe mara moja kwa faragha. Akirudia, mimi naona hakuna haja ya kesi wala ya kumwita mbele ya wazee: badilisheni mahali na saa, msimwambie.

Ziko hatari mbili ambazo hutokea ndani ya kikao chenyewe, nami nitazitaja kwa uwazi kwa kuwa ni tabia zetu. Ya kwanza ni komiti. Sisi tukikutana watu watatu, kabla hatujajua tumekutania nini, tumekwisha kuchagua rais, makamu wa rais, katibu na mweka hazina, tukatafuta muhuri, na kabla ya mwezi kwisha tumeandika barua kwa shirika la misaada kuomba baiskeli na fedha za semina. Katika likelemba au katika mutuelle mambo hayo yana maana, maana kuna fedha za kulindwa. Katika kikao cha walevi ni sumu. Fedha ikiingia, watakuja wasiokunywa, na walevi wataondoka. Cheo kikiingia, atakayekunywa tena ataogopa kusema, kwa sababu atakuwa rais aliyelewa. Weka kikopo cha chai, kila mtu atie anachoweza, kikopo kimalizike siku ile ile. Hatari ya pili ni mfadhili mwema, kiongozi au mtu wa siasa anayetaka kuwasaidia mbele ya redio. Mshukuruni, na mmwombe asiwasaidie.

Habari ya dini inataka uangalifu, maana Maniema ni mkoa ambamo Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu nyingine nyingi za nchi, na kikao kimoja cha Kindu huenda kikawa na mtoto wa imamu na katekista. Mwislamu anywaye hubeba haya maradufu, akaona bora afe kuliko kujulikana. Lakini nakumbusha, kwa staha, kwamba hata katazo la kileo lilishuka kwa hatua, kwanza katika Sura ya Baqara, kisha Nisaa, kisha Maida, na wanazuoni wameona katika jambo hilo rehema ya Mwenyezi Mungu kwa watu waliozoea. Huko Zanzibar, mji wa Kiislamu usiokuwa na shaka, mwaka 2009 ilifunguliwa nyumba ya nafuu kwa vijana waliofungwa na heroini, Suleiman Mauly akiwa mmoja wa waanzilishi, kwa kushirikiana na watu wa Detroit, ikifuata hatua 12 za chama kile kilichozaliwa Akron. Basi hakuna awezaye kusema kwamba njia hii ni ya Kikristo tu. Wakristo nao wana vyama vyao vya kale: Msalaba wa Buluu, ulioanzishwa Geneva mwaka 1877 na mchungaji Louis-Lucien Rochat, na kile cha Wapioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padre James Cullen, ambacho kimeenea katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki. Vina sifa yake. Ila mimi nina shaka juu ya nadhiri kubwa zinazowekwa mbele ya umati. Mtu huapa Jumapili kwamba hatakunywa maisha yake yote, watu wakapiga makofi, na Alhamisi akianguka huona kwamba amemwasi Mungu na kanisa zima, akanywa kwa kukata tamaa kuliko alivyokuwa akinywa kwa tamaa. Matt Talbot, kibarua wa Dublin ambaye Wakatoliki wengi humwomba awaombee, alipoacha mwaka 1884 aliweka nadhiri ya miezi 3 tu, akaiongeza baadaye, naye hakunywa tena mpaka kufa kwake mwaka 1925. Katika vikao desturi ni fupi zaidi: leo. Kesho kutakuwa na kikao kingine.

Wanawake wawe na saa yao. Mama anywaye hutukanwa mara kumi zaidi ya baba anywaye, na hatasema neno lake la kweli mbele ya wanaume wanaomjua mumewe. Na mwingi wa ulevi wao hunywewa jikoni, kwa siri, hasa kwa wale wanaopika lotoko, ambao hulazimika kuionja ili kujua nguvu yake. Na hao wapikaji msiwafanye maadui. Bidoni zile ndizo zinazolipa ada za shule katika nyumba nyingi, na kikao kitakachoanza kuwalaani kitawafukuza wale wanaohitaji sana kuketi ndani yake. Kwa jamaa wa mlevi, mke, mume, mama, kipo chama chao mbali, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 na mke wa Wilson, Lois, pamoja na mwenzake. Muradi wake ni kuwafundisha kuacha kumfichia mlevi makosa, kuacha kumlipia madeni ya nganda, na kuacha kumchunga kama mahabusi, kwa kuwa yote matatu huchosha na hakuna hata moja linaloponya. Mke na asije akamsindikiza mumewe mpaka ndani ya kikao. Amwache mlangoni, arudi.

Kwa msomaji aliye peke yake kabisa, au anayekaa Punia, Lubutu au Kabambare ambako hata mtu wa pili hajaonekana, simu huweza kuwa daraja. Tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020 vikao vingi vya dunia hufanyika kwa intaneti, vya Kifaransa vikiwa vingi, navyo havina malipo. Mtu huweza kuzima kamera, akasikiliza tu. Zingatia saa lakini. Kindu hutangulia Paris kwa saa moja wakati wa baridi yao, na huwa sawa nayo wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo kikao cha Paris cha saa mbili usiku utakipata saa tatu au saa mbili. Nairobi hututangulia kwa saa moja mwaka mzima, kikao chao cha saa moja usiku ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Vikao vya usiku vya Montréal vitakuamsha saa nane au saa tisa za usiku, havifai. Lakini vya adhuhuri ya huko huangukia kwetu saa kumi na mbili au saa moja za jioni, yaani katika ile saa mbaya niliyoitaja, na hiyo ni bahati. Sauti peke yake hula mega chache kuliko picha. Peleka simu ichajiwe mapema, usitegemee umeme wa jioni. Hata hivyo simu na iwe ya muda: sauti ya Paris haiwezi kukusindikiza kwenye kilio cha mjomba wako, ambako chupa za Primus zitazungushwa mpaka alfajiri.

Utaanguka, huenda. Wengi huanguka, na mara nyingi ni pale mwili unapopata nafuu na akili ikaanza kusema kwamba moja haidhuru. Aliyeanguka arudi kikao kinachofuata, aseme, "Nimekunywa," akae. Asiulizwe kiasi, asipewe adhabu, siku zake zihesabiwe upya tangu moja, basi. Kikao kinachomfanya mtu aogope kurudi kimekosa kazi yake, hata kama wanachama wake wengine wote ni wakamilifu.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa wasiokunywa: kwa maparoko na wachungaji, kwa maimamu, kwa wakuu wa shule na wa vituo vya afya mjini Kindu. Watu hawa hawahitaji fedha zenu wala mahubiri yenu. Wanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, saa moja, jioni chache kwa juma, na ufunguo. Mtu akija kuuomba wala hataki kueleza sana ni wa nini, mpeni, na msiulize ni nani wengine watakaoingia.